Klarithromaisini imegoma kwa H. pylori: tunahamia dawa gani?

Tabibu_Kanda
Wakuu, habari za kazi. Mtu mzima mwenye H. pylori (bakteria wa tumboni anayeleta vidonda) amemaliza siku 14 za omeprazoli (ya kupunguza asidi) mg 20, klarithromaisini mg 500 na amoksisilini gramu 1, zote mara 2 kwa siku, bila kuruka dozi. Kipimo cha damu bado kinasoma chanya. Duka la dawa linamshauri arudie paketi ileile, au aweke levofloksasini mahali pa klarithromaisini. Mnasemaje?

Mfamasia_wa_Zamu
Kipimo cha damu kiweke kando kwanza. Kinasoma kingamwili, nazo hubaki miezi mingi, hata miaka, bakteria akiwa keshakufa. Apime choo (antijeni) au pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibiotiki ya mwisho, na omeprazoli aiache wiki 2 kabla. Akiendelea kuimeza, bakteria hupungua na majibu yanaweza kuja hasi ya uongo.

Hapo kikitoka chanya, klarithromaisini asiirudie kabisa.

Darubini
Sababu ni hii. Klarithromaisini hushika ribosomu (kiwanda cha protini) ya bakteria, na badiliko la herufi moja tu kwenye jeni yake ya 23S, hasa lile la A2143G, linatosha dawa ikose pa kushika. Kuongeza dozi hakusaidii. Azithromaisini na erithromaisini ni ukoo huohuo, kwa hiyo vidonge vya kikohozi vya miaka iliyopita huwa vimeshachuja bakteria sugu tumboni. WHO iliiweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha yake ya vipaumbele mwaka 2017. Makubaliano ya Maastricht ya 2022, mwongozo wa wataalamu wa H. pylori, yanataka dawa hii isitolewe bila kupima usugu pale unapozidi 15%. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyotoka 2018 yaliukuta usugu huo kwenye takriban 29%.

Kwa metronidazoli mapitio hayo yalipata karibu 76%, si ajabu kwa dawa inayomezwa kwa kila tumbo la kuhara. Lakini usugu wake si ukuta: dozi kubwa, siku 14 na bismathi (dawa ya madini inayodhoofisha bakteria) huuvuka mara nyingi. Namba yao ya amoksisilini, zaidi ya 70%, mimi siitegemei; kwingi duniani usugu huo ni mdogo, na njia za kupima zilitofautiana mno.

Tabibu_Kanda
Shukrani. Basi naomba dozi ya bismathi. Na levofloksasini je?

Mfamasia_wa_Zamu
Siku 14, mtu mzima:
– omeprazoli mg 20 hadi 40 mara 2, dakika 30 kabla ya kula
– bismathi sabsitreti mg 120 mara 4
– tetrasaiklini mg 500 mara 4
– metronidazoli mg 500 mara 3 au 4

Tetrasaiklini isimezwe na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma; hushikamana navyo isiingie mwilini. Doksisaiklini si mbadala wake, ingawa wengi hubadilisha kimyakimya: uponaji hushuka. Pombe marufuku. Mwambie mapema kuwa choo na ulimi vitakuwa vyeusi kwa sababu ya bismathi, la sivyo ataacha siku ya tatu akidhani anavuja damu. Ila choo cheusi chenye kunata kama lami, pamoja na kizunguzungu, ni hospitali. Mjamzito haanzi dawa hizi. Mwenye mzio wa penisilini zinamfaa, hazina amoksisilini.

Bismathi ikikosekana dukani: amoksisilini gramu 1 mara 3 na esomeprazoli mg 40 mara 2, siku 14.

Darubini
Levofloksasini iwe ya mwisho, tena baada ya kuuliza kuhusu kikohozi cha wiki 2, homa za jioni na kupungua uzito. Ni dawa ya kifua kikuu sugu; akiwa na TB isiyojulikana, itaificha kwa muda na kuzaa usugu mwingine. Na ikishafeli mara moja, nayo hairudiwi.