Gauni la mtoto limekataa kupita kichwani, mnisaidie

Mama Pendo, Kireka

Habari zenu wote. Niko Kireka hapa Kampala, nina watoto wawili, msichana ana miaka miwili na nusu na kaka yake mitano. Mwezi uliopita nimepata cherehani ya miguu, Butterfly, imetumika lakini inakimbia vizuri, jirani alikuwa anahama akaniuzia shilingi 250,000 nikasema sawa, maana kila nikienda soko la Owino kutafuta nguo za hawa watoto narudi na mfuko mdogo, pesa imeisha na kaptura yenyewe haimalizi miezi mitatu.

Sasa nilinunua kitenge kule Kiyembe mjini, kizuri sana, cha rangi ya machungwa kina ndege. Nikampima Pendo na futi, kifua, urefu, bega, alafu shingo nikapata inchi 10 na nusu. Nikakata shingo hivo hivo ya mviringo, nikashona pembeni, nikaweka mikono ya kupuliza, nikapiga pasi. Siku mbili nzima. Nikamwita aje ajaribu, akainua mikono mwenyewe kwa furaha, gauni likafika utosini likakwama hapo. Nikivuta kidogo masikio yanakunjika analia. Nikalitoa nikaliweka juu ya kabati na kila asubuhi anauliza gauni la ndege liko wapi. Wiki mbili zijazo kuna kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya shangazi yake na nilitaka avae hilo.

Na sio hilo tu. Kaptura ya kaka yake ilichanika katikati ya miguu siku ya kwanza alipochuchumaa kucheza gololi. Alafu kuna wakati uzi unajazana chini ya kitambaa kama kiota, nakata naanza tena, uzi wote unaishia hapo. Kitu kingine, ndege wa mgongoni wanaangalia chini, vichwa chini miguu juu, na mbele wako sawa, hata sielewi imekuwaje.

Nilikuwa nawaza baada ya hapa nishone foronya na mapazia ya chumba chao lakini sasa nimeogopa kushika mkasi. Nianzie wapi wandugu?

Mwana_Busia

Pole dada. Hiyo ya shingo ni rahisi, ongeza tu mviringo uwe mkubwa, kata inchi mbili kila upande mpaka kichwa kipite. Na kitenge kabla hujashona loweka kwenye maji ya chumvi usiku mzima rangi ishike. Usiogope mkasi.

Fundi wa Walukuba

Dada, tafadhali usikate hiyo shingo zaidi, ngoja kwanza usome hapa.

Mimi ni fundi Jinja, baba yangu alikuwa Nytil, kiwanda cha vitambaa cha hapa, enzi kimechangamka, nimeshika kitambaa tangu niko mdogo. Kosa lako ni la kila anayeanza na wala sio kubwa, gauni lako linapona lote. Ulipima shingo ukasahau kichwa. Sisi watu wazima kichwa sio kikubwa sana ukilinganisha na mwili, lakini mtoto wa umri huo kichwa chake kimeshakaribia kuwa cha mtu mzima wakati mabega bado ni madogo. Mpime sasa hivi kuzunguka paji la uso, utapata kama inchi 19 au 19 na nusu. Shimo lako ni 10 na nusu. Haliwezi kupita hata uombe.

Na ukifuata ya kupanua mviringo mpaka kichwa kipite, utahitaji shimo la inchi 20 na zaidi, na hapo gauni litashuka begani kila akikimbia. Mwenzangu wa Busia ana nia njema lakini kwa nguo isiyovutika hiyo njia inaharibu.

Dawa ni mpasuo. Mpasuo wa inchi moja unaongeza inchi mbili kwenye mdomo wa shingo kwa sababu una pande mbili. Kwa hiyo mpasuo wa inchi 5 na robo mgongoni unakupa 10 na nusu za ziada, jumla 21. Kichwa kinapita bila kugusa masikio, na akishavaa unafunga kifungo shingo inarudi kuwa ndogo.

Kata kipande cha kitambaa kile kile, upana inchi 3 urefu 7. Kunja gauni katikati mgongoni upate mstari, uchore kwa chaki hiyo 5 na robo kutoka shingoni kwenda chini, usikate bado. Laza kipande juu ya mstari, uso kwa uso, bana na pini. Shona kushuka upande mmoja, juu uwe mbali na chaki robo inchi, ukienda chini uwe unasogea polepole mpaka unafika kwenye ncha yenyewe, hapo piga mshono mmoja wa kukatiza, geuza, panda upande wa pili. Ukitazama utaona V ndefu nyembamba. Sasa ndio ukate katikati kwenye chaki, uende mpaka karibu kabisa na ncha bila kugusa uzi. Ukiishia mbali pale chini patakunjamana, ukikata uzi patachanika. Geuza kipande kiingie ndani, piga pasi, kando yake shona mshono mmoja wa juu kikae. Kitanzi cha uzi na kifungo kimoja juu, umemaliza.

Tazama gomesi, lile vazi la wanawake wa huku Uganda, utaelewa. Shingo ya mraba na vifungo viwili upande wa kushoto, watu wanaona ni urembo lakini pale ndio mlango. Jina lenyewe limetoka kwa Gomes, fundi Mgoa aliyeshona hapa Uganda zamani za Waingereza. Yule alijua kichwa lazima kipate njia.

Hao ndege nao, najua ulichofanya. Ulikunja kitambaa ukakata mbele na nyuma pamoja bila mshono wa begani, si ndio? Basi kitambaa kikivuka bega kikashuka mgongoni lazima picha igeuke. Kitenge chenye picha inayosimama, ndege, kuku, taa, unakata mbele peke yake na nyuma peke yake, vichwa vyote vikiangalia juu, alafu unaunganisha begani. Kitenge cha maua au duara hakina shida hiyo. Hilo gauni liache tu lilivyo, mtoto hatajali.

Mama Pendo, Kireka

Fundi umenisomea mawazo, ndio, nilikunja nikakata pamoja. Nimempima sasa hivi amelala, 19 na nusu kamili!! Asante sana. Hiyo chumvi lakini je? Na sikufua kitambaa kwanza, nilikikata kilivyotoka dukani.

Bibi wa Tororo

Mwanangu, chumvi haishiki rangi ya kitenge cha dukani, tumedanganyana miaka mingi. Fua kwa maji baridi peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini, piga pasi ndipo ukate. Kufua kwanza ni kwa sababu pamba inarudi. Yadi moja inaweza kukurudia inchi moja au karibu mbili, na kwenye kinguo cha mtoto inchi mbili ni nguo nzima. Hilo gauni lako sasa hivi usilitie maji ya moto, ufue kwa mkono maji baridi.

Nimelea wanne nikawashonea wote na sasa wajukuu, kwa hiyo nikuambie ya kaptura. Ukitaka kushona kaptura usimpime mtoto mwenyewe, anajikunyata hakai. Chukua kaptura yake ya zamani inayomkaa vizuri, ikunje mguu juu ya mguu, ilaze kwenye gazeti ufuatishe kwa kalamu, upande wa mbele peke yake na wa nyuma peke yake, ongeza nusu inchi ya mshono pande zote na inchi moja na nusu juu ya lastiki. Utaona mwenyewe nyuma iko juu kuliko mbele, kwa inchi moja hivi au zaidi, na ule mviringo wa katikati ya miguu nyuma ni mrefu zaidi. Wewe nadhani ulikata mbele na nyuma sawa. Akisimama inakaa, akichuchumaa makalio yanaomba kitambaa hakuna, inachanika.

Ukishona, maliza kila mguu peke yake kwanza, alafu geuza mguu mmoja uingize ndani ya mwingine, uso kwa uso, ushone ule mviringo wote kwa mara moja toka mbele hadi nyuma. Rudia mshono mara ya pili juu ya ule ule. Hapo hata apande mwembe.

Lastiki ya kiunoni chukua kiuno utoe inchi mbili. Kiuno 20, lastiki 18. Usikaze zaidi ya hapo, inamwachia alama tumboni. Na uache tundu dogo kwenye pindo la ndani uweze kubadilisha lastiki ikichoka bila kufumua.

Mtoto anakua wewe unalala. Gauni weka pindo la inchi tatu, ulishone kwa mkono mishono mirefu. Mwakani unafumua unateremsha. Binti yangu wa pili alivaa gauni moja toka miaka mitatu hadi mitano, likianza chini ya magoti likaishia juu ya magoti, na bado mdogo wake akalirithi.

Na nakusihi, kamba za kufunga shingoni kwa mtoto usiweke, hata kama zinapendeza. Inanasa kwenye mlango au kwenye mti anapocheza na hakuna mtu karibu. Kifungo ndio salama, na ukishone uzi mara nyingi ukivute kwa nguvu kabla hujampa, maana wa miaka miwili kila kitu anaonja.

Fundi wa Walukuba

Bibi amemaliza. Mimi niongeze ya kiota cha uzi. Watu wengi uzi ukijazana chini wanahangaika na bobini, lakini mara nyingi tatizo liko juu. Unapopitisha uzi nyanyua kwanza mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano. Mguu ukiwa chini zile sahani mbili za kubana zimefungana, uzi unapita juu yake hauingii katikati, basi unatoka bila kizuizi na wote unamwagikia chini. Nyanyua mguu, pitisha, alafu vuta uzi ukiwa umeshusha mguu, lazima usikie unakaza. Ukianza kushona shika nyuzi zote mbili nyuma kwa vidole, mishono mitatu ya kwanza.

Angalia na sindano. Ina mfereji mrefu upande mmoja, mfereji huo unaangalia upande uzi unakoingilia tunduni. Ukigeuza inaruka mishono. Kwa kitenge tumia namba 14, jinzi 16, kitambaa chepesi 11. Na mafuta ni ya cherehani peke yake. Nimepokea mashine nyingi zimewekwa mafuta ya kupikia, yanaganda ndani kama gundi, gurudumu halizunguki, mtu anafikiri imekufa.

Mama K, Kyangwali

Salama wote. Mimi ni Mkongomani niko huku Kyangwali, tunashona kikundi cha wamama kwa mashini mbili. Dada Kireka, mimi ningekuambia uanze na foronya kabla ya gauni lingine, mistari yote imenyooka na mkono unapata nguvu. Sisi wamama wapya wote tunawaanzisha hapo.

Haihitaji zipu wala kifungo. Mto wako ukiwa inchi 18 kwa 27, kata kitambaa kimoja kirefu, upana 19, urefu 64. Hiyo ni 27 mara mbili, na 8 ya kupandana, na inchi moja moja ya pindo kila ncha. Pinda zile ncha mbili fupi ushone. Laza kitambaa upande mzuri juu, kunja ncha zikutane katikati na zipandane inchi 8, shona pembeni mbili, geuza. Mto unaingia kwa ule mdomo na hautoki hata watoto wakipigana nao.

Kitambaa usinunue kipya. Tafuta shuka za pamba za mivumba, yaani mitumba, zile kubwa, zimeshafuliwa mara nyingi hazirudi tena na ni laini kwa ngozi ya mtoto. Shuka moja kubwa inatoa foronya nne na kipande kinabaki cha kaptura. Ishike juani kwanza uone kama katikati haijakwisha, pale watu wanapolala ndio panachakaa, pembeni pako sawa. Pazia nalo upana uwe mara mbili ya dirisha, ukikata sawa na dirisha linakaa kama gunia limetundikwa.

Mwana_Busia

Fundi nimekubali, nimejifunza. Ile ya kupanua shingo nilifanya kwa wangu na kweli lilikuwa linashuka begani, nikawa nalibana na pini tu.

Mama Pendo, Kireka

Nimerudi. Jana usiku watoto walipolala nilitoa gauni nikafanya mpasuo, nilijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu mara mbili, ya kwanza nilikata uzi ncha ikachanika, ya pili ikakaa. Ndipo nikashika lenyewe. Asubuhi nimemvalisha limepita mara moja, hata hakufumba macho. Kifungo nimetoa kwenye shati la zamani la baba yake, cheupe. Amekataa kulivua, amekunywa uji nalo, nimemfunga taulo shingoni lisichafuke kabla ya kwanjula. Ndege wa mgongoni anasema wanalala.

Kiota cha uzi kilikuwa ni mguu kweli. Nilikuwa napitisha uzi mguu ukiwa chini siku zote.

Nimepata shuka ya bluu, nimeifua imekauka, sasa niko mezani na mkasi na gazeti la kaptura liko pembeni. Mama K, nikishaikunja nipime ile 8 ya kupandana kabla ya pindo au baada?

Mama K, Kyangwali

Baada. Pinda kwanza ncha zote mbili, piga pasi, alafu kunja upime 8. Na uishike na pini nne, hapo kwenye kupandana panateleza.