Mbege yangu inachacha mapema, na ya kwenye friji inakuwa chungu. Nifanyeje?

MamaKibosho
Wakuu, habari za jioni. Mama mkwe ameniachia upishi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na Desemba hii watu wakipanda Moshi tuna kipaimara cha mtoto. Napika nilivyofundishwa: ndizi mbivu zichemke mpaka ziwe nyekundu, zilale kwenye pipa siku kadhaa, nichuje, nichanganye na uji wa kimea cha ulezi wenye msesewa, yale magome ya mti ya kutia uchungu. Kesho yake asubuhi ni tamu, ina povu zuri. Jioni imeshakuwa kali. Na niliyowawekea wageni wa Dar kwenye friji walisema chungu kama kwinini, wakati wazee waliokunywa ya pipani hawakulalamika. Pipa ni lile lile! Naomba msaada kabla sijanunua ndizi za sherehe.

ShayiriSakina
Dada, hapo kwenye friji ni ubaridi. Kinywaji kikiwa baridi sana ulimi hausikii utamu, uchungu ndio unaosimama. Mimi napika bia ya shayiri hapa Arusha. Ile nyeusi naitoa kwenye friji naiacha ifike nyuzi 10 au 12 ndipo ladha ya kahawa inatokea. Ikiwa barafu tupu unasikia ukali tu. Mbege waandalie ya pipani, pipa likae kivulini. Na usiikazie kizibo kwenye chupa, maana bado inaumuka na gesi itaipasua. Msesewa nao ungepunguza.

MekuWaUru
Msesewa asipunguze! Bila msesewa hiyo ni togwa. Mwanangu, mimi nauliza vyombo. Kata, yaani kibuyu cha kunywea, ikisuuzwa juu juu, masalia ya jana yanajificha kwenye ngozi yake ya ndani, na huo ndio uchachu unaouona jioni. Sugua, suuza kwa maji ya moto, anika juani ikauke kabisa. Pipa pia. Kama ni la bati achana nalo, uchachu unakula madini yake na watu wanayanywa. Tafuta la plastiki la chakula, si lililobeba dawa za shambani.

MamaKibosho
Asante sana baba. Pipa ni la plastiki, nililinunua jipya. Kata ni za zamani za mama, nikizichemsha hazitapasuka?

MekuWaUru
Usizichemshe. Mwagia maji ya moto taratibu, zungusha, mwaga. Yenye ufa iweke pembeni, hiyo haitakati tena.

ChekechaUlezi
Naongeza mawili. Uji upoe mpaka uwe vuguvugu ndipo umimine maji ya ndizi. Ukiwa wa moto unaua hamira, mbege inalala halafu uchachu unaiwahi. La pili ni mgawaji. Ulezi unatuama chini, kwa hiyo akichota bila kukoroga meza ya kwanza inapata maji membamba na ya mwisho inapata uji. Mpe mwiko, akoroge kila anapochota.

ShayiriSakina
Na usichanganye yote kwa mkupuo. Ibada ikiisha mchana, pipa la kwanza changanya jioni ya kuamkia siku hiyo. La pili lichanganye alfajiri, ndilo litakalofunguliwa usiku.

MamaKibosho
Hilo la mapipa mawili sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwa hiyo uji wa pipa la pili niupike alfajiri hiyo hiyo, au unaweza kulala?

MekuWaUru
Upike alfajiri. Ukilala unaanza kuchacha wenyewe kabla haujakutana na ndizi.