Sataranji, 6.Fd3 dhidi ya ulinzi wa Kifaransa (Weusi kujibu 1.e4 kwa e6): niendelee nayo au niiache?

Farasi_wa_Kadutu (Bukavu)
Wapenzi wa sataranji, jambo. Nilicheza na Weupe kwenye mashindano ya hapa mjini. Naandika kwa herufi za Kifaransa, kama kwenye karatasi zetu (R mfalme, D malkia, T ngome, F askofu, C farasi; x ni kula, + ni shaha, 0-0 ni mfalme kuhamia upande pamoja na ngome, na nukta tatu ni hatua ya Weusi):

1.e4 e6 2.d4 d5 3.e5 c5 4.c3 Cc6 5.Cf3 Db6 6.Fd3 cxd4 7.cxd4 Fd7 8.0-0 Cxd4 9.Cxd4 Dxd4 10.Cc3 Dxe5 11.Te1 Db8 12.Cxd5

Nilishinda, lakini wazee wa klabu wanasema ni bahati, eti nilitupa pioni mbili bure. Niendelee hivi ama nijifunze 6.a3?

Ngome_Lshi (Lubumbashi)
Bahati gani? Te1 imeifunga pioni ya e6 mbele ya mfalme wake, kwa hiyo haiwezi kumla farasi wa d5. Na mpinzani angekuwa na haraka, 7...Cxd4 8.Cxd4 Dxd4, basi 9.Fb5+ malkia kaondoka. Hii ni gambiti (kutoa pioni makusudi ili kupata mashambulizi) ya Milner-Barry, yule Mwingereza aliyefanya kazi ya kuvunja misimbo ya Wajerumani kule Bletchley Park. Waambie wazee wako.

Mama_Himbi (Goma)
Ngome, usimvimbishe kichwa mtoto. Mdogo wangu, mpinzani wako alikuwa mlafi. Anayesoma haigusi e5, anacheza 10...a6 na farasi wako hapati tena b5. Hapo endelea 11.De2 Ce7 12.Rh1, halafu f4. Usiruke Rh1! Mfalme akiwa bado g1, f4 hairuhusiwi kabisa, maana malkia wa d4 ameifunga pioni ya f2 mbele ya mfalme wako. Kompyuta nayo haiipendi sana gambiti hii.

Ngome_Lshi
Kompyuta haikai mezani saa ikikimbia, Mama. Kwa watu wa ngazi yetu ni Weusi wanaotoka jasho.

Mama_Himbi
Wanatoka jasho mara ya kwanza. Mara ya pili wamesoma. 6.a3 ni ya polepole, unaandaa b4, lakini hudaiwi pioni na mtu.

Farasi_wa_Kadutu
Asanteni. Hiyo 10...a6 sijawahi kukutana nayo. Mama, tunaweza kuicheza Lichess, ile tovuti ya sataranji, kuanzia hapo, mimi Weupe?

Mama_Himbi
Leo saa mbili usiku. Dakika kumi na tano kila mtu, na usiombe kurudisha kete.