Naomba ushauri: roketi ya mtihani wa daraja la kwanza, pezi limeachia gundi

MtotoWaKojani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasoma uhandisi Marekani, kwa sasa nipo Pemba likizo. Huko nimejiunga na NAR, chama cha warusha roketi, na Oktoba nina mtihani wa daraja la kwanza, yaani kibali cha kutumia injini za H na I. Sharti lake ni kuwa roketi uiunde mwenyewe, uirushe mbele ya shahidi wa chama, parachuti ifunguke, irudi chini nzima kiasi cha kuweza kurushwa tena.

Yangu nimeiundia hapa nyumbani. Urefu sentimita 140, bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10, mapezi matatu ya plaiwudi, uzito kilo 1.9, parachuti ya sentimita 120. Sasa pezi moja limefanya ufa pale linapokutana na bomba. Nijazie gundi juu yake au ning'oe lote? Na la pili, ile baruti ndogo ya kutoa parachuti, muda wake wa kuchelewa mnaupanga vipi? Nijibuni haraka jamani, usingizi sipati.

FundiFaiba_Mkoani
Waalaykum salaam. Roketi siijui, gundi naijua, maana kazi yangu ni kuziba boti. Ufa ukiujazia juu umeupaka poda tu. Ng'oa, piga msasa mpaka ule mng'aro wote uondoke, bomba na mbao pia, futa vumbi kwa kitambaa kikavu ndipo uweke gundi mpya. Tumia epoksi ya sehemu mbili, usitumie ile resini ya boti, hiyo kwenye mbao haishiki vizuri. Pima kwa mizani, usikisie kwa jicho. Na usifanye kazi hiyo alfajiri kuna umande. Mimi kuna boti moja ya watalii niliiziba asubuhi ya mvua, mwenyewe alinirudia na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

BiZuhura_Wete
Mwanangu, umesomeshwa, umevuka bahari, umerudi kucheza na fataki? Wenzako wa rika lako wameoa. Jenga hata msingi wa nyumba mamako auone. Samahani kama nimekukera, lakini mzazi ni mzazi.

Mzee_wa_Ng'ambo
Mwacheni kijana. Mimi nilikuwa skuli hapa Unguja Wamarekani walipojenga kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya Mercury. John Glenn alipozunguka dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, kituo chetu kilikuwamo katika mnyororo wa vituo vilivyomfuatilia. Watu mjini wakinong'ona kuwa pale patarushwa makombora, kumbe ni mitambo ya kusikiliza tu. Baada ya Mapinduzi, 1964 hiyo hiyo, wakafungasha wakaondoka. Na wenzetu wa Malindi huko Kenya wana jukwaa la Waitaliano baharini, pale Ngomeni. Desemba 12, 1970 ilirushwa setilaiti pale ikaitwa Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kwa hiyo mambo haya si mageni pwani yetu. Endelea mwanangu.

BintiMhandisi
Kaka, mimi daraja la kwanza nililipata Uingereza nilipokuwa nasoma, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua. Muda wa kuchelewa unategemea injini. Injini ikimaliza kuungua roketi bado inapanda kwa kasi yake yenyewe, na parachuti inatakiwa itoke pale inapofika kileleni na kuanza kuinama. Ikitoka mapema, kamba inapasua bomba. Ikichelewa, roketi inashuka kwa pua na huna tena cha kurudisha. Weka vipimo vyako kwenye programu ya OpenRocket, ni ya bure, itakupa sekunde.

Sasa na mimi nikuulize. Injini gani? Kilo 1.9 ni pamoja na injini au bila? Na kama mtihani ni Oktoba, haraka ya nini?

MtotoWaKojani
Ahsante dada. Injini ni ya daraja la H. Hiyo 1.9 ni bila injini. Haraka ni kwamba napenda kumaliza mambo mapema.

BintiMhandisi
Daraja la H si jina la injini kaka. H ni injini yoyote ambayo jumla ya msukumo wake ni nyutoni-sekunde 160 mpaka 320. Kuna H128 kwa mfano, wastani wa msukumo wake ni nyutoni 128, na namba inayofuata baada ya kistari ndiyo sekunde za kuchelewa. Wewe yako inaitwaje? Na injini hizi huwezi kupanda nazo ndege, abiria haruhusiwi. Ungeinunua huko huko. Sasa muda wa kuchelewa unautafutia nini leo, ukiwa Pemba?

Chumvi_Kidogo
Hapo dada kamshika shati 😂

MtotoWaKojani
Sawa, niseme. Nataka kuirusha hapa kwanza, Jumamosi hii, pwani ya Micheweni. Ni bamvua, maji yatakuwa yamekauka saa nne asubuhi, pale peupe panatosha. Nguzo ya kurushia nimeshachomewa na fundi. Skuli niliyosoma nimeshawaambia, watoto wanakuja. Naomba msianze kunikatisha tamaa, nauliza pezi na muda wa kuchelewa tu.

DadaMwani
Pale peupe unapopasema ndipo mashamba yetu ya mwani yalipo. Maji yakitoka bamvua wewe unaona uwanja, sisi tunaona siku ya kazi. Tutakuwepo pale, na watoto wetu mgongoni. Umemuuliza nani?

MtotoWaKojani
Nimemwambia sheha. Na nitawasogeza watu mbali. Kanuni za NAR kwa H zinataka mita 30 tu kutoka nguzoni.

BintiMhandisi
Hizo mita 30 ni kwa injini iliyopimwa na kuthibitishwa, na kanuni hiyo hiyo inataka uwanja usiopungua mita 450 kila upande, upepo usiozidi kilomita 32 kwa saa, na anga isiwe na ndege. Huu ni msimu wa kusi. Roketi ya kilo mbili ikipanda mita 250 na kushuka kwa mita 6 kwa sekunde, inakaa hewani kwenye parachuti zaidi ya sekunde 40. Kusi la mita 8 kwa sekunde litaipeleka zaidi ya mita 300. Mamlaka ya Usafiri wa Anga umeiandikia? Sheha hamiliki anga.

Na swali langu la injini bado hujalijibu. Nakuuliza mara ya mwisho kwa heshima.

MtotoWaKojani
Injini nimeitengeneza mwenyewe.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Nimesoma, si mtoto. Nimejaribu kipande kidogo nje ya nyumba kikaungua vizuri. Huko ninakosoma uwanja wa kurushia ni safari ndefu na nauli yake ni kubwa kwa mwanafunzi, sitaki kufika pale roketi ikafa mbele ya wageni. Na kuna jambo jingine. Baba yangu ni mvuvi, anaumwa, hawezi kusafiri wala hataniona popote kwingine. Kila siku ananiuliza hicho ninachosomea kinafanya nini. Nataka akione kinapaa, mara moja tu.

BiZuhura_Wete
Allah amponye babako. Hata hivyo hapana.

Mkarafuu_Mmoja
Pole kwa mzee. Mimi nina watu juu ya mikarafuu msimu huu. Mchumaji yuko juu ya tawi, mikono yote miwili ina kazi, halafu ashtushwe na mlio wa hicho kitu au kimwangukie na kamba zake? Mwaka mmoja mchumaji wangu alishtushwa na kunguru tu, akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea fimbo na mimi ndiye ninayemtazama mkewe usoni kila Ijumaa.

Chumvi_Kidogo
Kunguru mwenyewe hakuwa na injini ya H.

PwezaMkavu
Jamani mnalishwa hadithi. Someni tena. Kwanza kasema NAR, mtihani, Oktoba. Alipobanwa ikawa Jumamosi. Alipobanwa tena ikawa injini ya kupika, halafu kwa kukoleza akatia baba mgonjwa. Roketi ya sentimita 140 ilipitaje gatini bila mtu kuiuliza? Picha haipo. Nimeona nyuzi kama hizi, mtu anajaza kurasa halafu anatoweka. Nyinyi mnapiga hesabu za upepo kwa kitu kisichokuwepo.

Mzee_wa_Ng'ambo
Hilo la gati na mimi lilinipitia kichwani, sikutaka kulisema.

FundiFaiba_Mkoani
Ufa alioueleza ni ufa wa kweli. Mtu asiyewahi kushika gundi hawezi kujua kuwa unaanzia pale.

PwezaMkavu
Ufa hata wa ukutani upo. Kama ni kweli ataje vipimo. Kitovu cha uzito kiko wapi, na kitovu cha msukumo wa hewa, pale nguvu ya hewa inapoikamata, kiko wapi. Mtunzi hajui hayo.

MtotoWaKojani
Sikupita gatini na roketi. Nimesema nimeiundia hapa. Mabomba mawili yalikuja ndani ya begi, yanaungana katikati, pua nayo ilikuja kwenye begi, mapezi nimekata plaiwudi ya Chake. Kuhusu baba yangu usimtaje tena.

Vipimo hivi hapa, kutoka ncha ya pua. Kitovu cha uzito, sentimita 88, nimekipima kwa kuiweka juu ya ukingo wa meza mpaka ikasimama sawa. Kitovu cha msukumo wa hewa, sentimita 103, kwa programu ile ile aliyoitaja dada. Tofauti ni sentimita 15, kipenyo kimoja na nusu. Kanuni inataka angalau kimoja. Uzito wa kurukia kilo 2.4. Sasa niambie mtunzi gani anaandika hivi.

PwezaMkavu
Juu 1.9, chini 2.4. Mwongo husahau.

BintiMhandisi
Ndugu Pweza, si uongo. 1.9 aliitaja kuwa ni bila injini. Lakini umetusaidia, maana hizi namba ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Kaka, injini yako ina nusu kilo. Ile H128 ina kama gramu 200. Na hicho kitovu cha uzito umekipima roketi ikiwa tupu, sivyo? Injini inakaa mkiani, tuseme katikati yake iko sentimita 130 kutoka puani. Chukua 1.9 mara 88, jumlisha nusu mara 130, gawa kwa 2.4. Utapata karibu sentimita 97. Tofauti na 103 ni sita. Hata robo tatu ya kipenyo haifiki, ni 0.6. Kwa injini ya dukani ungepata 92, yaani kipenyo kimoja na kitu kidogo, ingekubalika. Kwa hii ya kwako, roketi ikitoka kwenye nguzo na kusi likaigonga ubavuni, hakuna cha kuirudisha iangalie juu. Itageuka. Na itageuka bado inaungua, upande wa skuli au upande wa kina dada wa mwani, hutachagua wewe.

MtotoWaKojani
Nikitia chubwi puani? Baba ana chubwi za risasi za mishipi. Gramu 300 hivi.

BintiMhandisi
Nimekupigia. Gramu 300 karibu na pua zitakurudisha kwenye kipenyo kimoja na nusu. Wazo zuri, na Oktoba ukihitaji litumie. Lakini sasa roketi ina kilo 2.7. Kanuni ya kawaida ni msukumo usiopungua mara tano ya uzito, hapo unataka zaidi ya nyutoni 130 tangu inapoanza kuondoka. Injini yako inatoa ngapi?

MtotoWaKojani
Sijaipima.

BintiMhandisi
Na ganda lake linavumilia shinikizo kiasi gani?

MtotoWaKojani
Sijalipima pia. Nimekadiria.

BintiMhandisi
Kaka, mtihani wa daraja la kwanza unampima mtu, haupimi roketi. Ndiyo maana wanakutaka utumie injini ambayo wengine wameshaipima, ili kilichobaki kiwe kazi ya mikono yako: mapezi, parachuti, mizani. Ukirusha hii Jumamosi hata ikipaa vizuri hutajifunza lolote la Oktoba, kwa sababu si roketi ile. Ina uzito mwingine na muda mwingine wa kuchelewa. Na Oktoba ukifeli hakuna anayekufukuza, unatengeneza unarudi.

Hiyo injini iko wapi sasa hivi?

MtotoWaKojani
Chumbani kwangu.

BintiMhandisi
Na mzee analala chumba cha pili. Usiifungue, usiikate, usiipeleke baharini, usiipakie kwenye gari. Wapigie Zimamoto na Uokozi leo hii, waeleze kama ulivyotueleza sisi, kisha hamisheni watu wakalale kwa jirani. Wao ndio wanaojua kuiondoa.

DadaMwani
Hapo sawa. Na Jumamosi usiwaambie watoto wasije. Walete na roketi yako tupu, tutakupa nafasi pale kwenye mchanga wa juu, uwaoneshe inavyofungwa. Parachuti unaweza kuirusha kwa mkono kutoka pale kwenye jabali, na jiwe la uzito sawasawa.

MtotoWaKojani
Baba anaweza kufika mpaka pale kwa baiskeli ya kubebwa. Zimamoto nawapigia baada ya Magharibi.

BintiMhandisi
Sasa hivi kaka, si baada ya Magharibi.

MtotoWaKojani
Napiga.

FundiFaiba_Mkoani
Ukishamaliza na Zimamoto, niletee hilo pezi Mkoani, nina epoksi iliyobaki. Usiling'oe kwa bisibisi, utatoboa bomba. Pasha joto la pasi kwa mbali, litaachia lenyewe.

PwezaMkavu
Mimi bado nataka picha.

MtotoWaKojani
Wamepokea, wako njiani. Fundi, pasi iwe mbali kiasi gani? Bomba ni karatasi.