MREJESHO: Hita ya lita 100 iliyokuwa ikidondosha maji usiku, Bwiru

Wakuu, niliuliza kwa nini valvu ya usalama ya hita yangu (ile inayotoa maji presha ikizidi) inadondosha maji kila ikiwashwa, na ikipoa inanyamaza. Wengi mlisema valvu imekufa. Nilibadilisha, na mpya nayo ikadondosha vilevile.

Aliyenitoa gizani ni yule aliyeniambia nifunge geji ya kupima presha ya maji. Maji yakiwa baridi ilisoma bar 3. Nikawasha hita, nikakaa na kikombe cha chai naitazama: sindano ikapanda polepole hadi 7, kisha tone la kwanza likaanguka kwenye beseni.

Kumbe fundi alipofunga mita mpya ya maji aliweka noni-ritani, valvu inayoruhusu maji kuingia tu, si kurudi. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu lita 1.5 kwa hita kama yangu. Zamani yalirudi kwenye bomba la mtaani, sasa njia imezibwa. Valvu ilikuwa inafanya kazi yake, maskini, nami naitukana.

Nimefunga mtungi wa kupanukia (una upepo ndani, maji yanayoongezeka huingia humo) kwenye bomba la baridi linaloingia hita. Kabla ya kuuunganisha, ukiwa mtupu, niliujaza upepo hadi bar 3 kwa pampu ya baiskeli (jasho lilinitoka, na vijana wa bodaboda walicheka sana). Sasa sindano haivuki 4 na beseni ni kavu.

Na wewe uliyenishauri nizibe valvu kwa plagi, hapana ndugu yangu. Hilo ni bomu ukutani.