Naomba ushauri: darubini ya usiku ina kivuli pembeni, ninunue au niache?

Wakuu, habari zenu. Niko Texas, nalinda shamba usiku. Nguruwe pori huku ni balaa. Kuna jamaa anauza darubini ya usiku ya jicho moja, kizazi cha tatu, iliyotumika.

Vidoa vyeusi viwili vitatu kwenye picha yake havinisumbui. Ile michoro kama wavu wa banda la kuku, inayojitokeza kwenye mwanga mkali, najua inatokana na nyuzi za kioo ndani ya tyubu, kile kifaa cha ndani kinachokuza mwanga hafifu. Chengachenga za mwanga kwenye picha gizani nazo ni kawaida.

Tatizo ni kivuli cheusi kilichopinda ukingoni, upande wa kushoto. Nimehamisha jicho, nimezungusha lenzi ya kuangalizia, hakisogei. Halafu nilipofunika lenzi ya mbele chumbani gizani, nukta moja ilibaki inang'aa palepale. Muuzaji anasema itakaa sawa ikishapata moto. Mmh!

Waliowahi kuwa nazo: kivuli cha hivi huenea mpaka tyubu inakufa? Na hiyo nukta hukua, au hubaki hivyohivyo? Bei ni nusu ya mpya, ndiyo maana nashindwa kuondoka.