Samora Avenue: njia ya miguu imegeuzwa maegesho, wazee wetu wapite wapi?

Wakuu, tangu juzi nina hasira, leo nimeona niandike.

Nilimpeleka baba mjini hapa Dar. Ana miaka 78, anatembelea mkongojo. Akataka tushukie Mnara wa Saa twende kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa, kama ujanani kwake. Barabara ile aliikuta ikiitwa Acacia Avenue enzi za Mwingereza, ikaja kuitwa Independence, leo ni Samora.

Hatukufika hata nusu. Njia ya miguu imejaa magari, mengine pua zimegusa kabisa milango ya maduka. Penye upenyo, mfuniko wa mtaro hakuna! Tukashuka barabarani, tunapigiwa honi kama mbuzi waliopotea. Tukijaribu kupanda tena, mguu wa mzee ukazama mtaroni mpaka gotini. Ugoko umechubuka vibaya, kiatu kimebaki kwenye maji meusi. Namvuta huku mtoza ushuru wa maegesho yuko hapo hapo, anaingiza kwenye kimashine chake namba za gari lililotuziba njia, anabandika karatasi kiooni, huyo anaenda zake. Yaani njia ya waenda kwa miguu inauzwa, na kuna mtu anapokea hela!

Tulijikongoja mpaka kwenye sanamu ya Askari, baba kiatu kimoja. Wazee wa mji wanaiita Bismini. Hapo Mjerumani alisimamisha sanamu ya gavana wake, Wissmann, Waingereza wakaing'oa walipoutwaa mji 1916, na mwaka 1927 wakaweka huyu askari wa shaba mwenye singe iliyoelekea bandarini, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo Vita Kuu ya Kwanza. Babu yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Mwanawe kafika pale anachechemea, damu inamtoka.

Na jina lenyewe ni la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyeishi nasi hapa Dar akipigania nchi yake. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, ilizaliwa mji huu huu, 1962. Tumempa barabara isiyopitika kwa miguu?

Nataka kujua ushuru ule unaingia mfuko wa nani, na mifuniko inarudi lini. Mwenye picha za Samora aziweke hapa. Ya mguu wa mzee ninayo, na ile karatasi ya ushuru dereva wa gari lile kanipa. Jumatatu navipeleka mwenyewe kwa wahusika.